Sauti Iliyokaa Kabatini Miaka 34

Albamu ya muziki hutengenezwa mara mbili. Mara ya kwanza hutengenezwa studioni na waimbaji na wapigaji ala, mbele ya vipaza sauti. Mara ya pili hutengenezwa ofisini, na watu ambao aghalabu hawajui kupiga hata filimbi, pale wanapoamua kama kilichoimbwa kitapelekwa sokoni au kitatiwa kabatini na kufungiwa. Sisi wapenzi wa muziki huijua kazi ya kwanza pekee. Huisifu sauti, tukabishana kuhusu mpiga kinanda, tukasahau kwamba kati ya koo la mwimbaji na sikio letu pamekaa mtu mwenye ufunguo.

Kuna albamu moja ya uimbaji wa jazi ambayo ilipita hatua ya kwanza bila tatizo, ikakwama katika hatua ya pili kwa muda wa miaka 34. Inaitwa A Morning in Paris, na mwimbaji wake ni bibi mmoja wa Afrika Kusini, marehemu Sathima Bea Benjamin. Huenda msomaji hajapata kulisikia jina hilo. Asijilaumu, kwa maana kisa chenyewe ndicho kinachoeleza kwa nini hakulisikia.

Kabla sijaendelea, yafaa nitenganishe mambo mawili. Hapa kwetu neno hili la jazi lilitumiwa kwa namna yake. Shirati Jazz na Victoria Jazz zilikuwa bendi za benga, na jirani zetu wa Tanzania walikuwa na Morogoro Jazz na Western Jazz, ambazo zilipiga dansi. Jina lilikuwa la fahari tu, kama vile mtu anavyomwita mwanawe Daktari kabla hajaingia darasa la kwanza. Jazi ninayoizungumzia leo ni ile ya Wamarekani Weusi, ya kina Duke Ellington na Billie Holiday, ambayo mwimbaji huuchukua wimbo unaojulikana na kila mtu, akauimba kwa mwendo wake mwenyewe, akitangulia au kuchelewa kidogo nyuma ya mapigo, hata wimbo ukawa kama haujapata kuimbwa.

Beatrice Benjamin alizaliwa mwaka wa 1936 na kukulia Cape Town, katika jamii ambayo serikali ya ubaguzi wa rangi iliipachika jina la machotara. Baba yake alikuwa na asili ya kisiwa cha St Helena. Nyimbo za Kimarekani alizipata redioni na katika sinema, akaanza kuziimba katika maonyesho ya vijana na vilabu vya mji huo. Mwaka wa 1959 alikutana na kijana mpiga piano aliyeitwa Dollar Brand, ambaye baadaye alisilimu na ulimwengu ukamjua kwa jina la Abdullah Ibrahim. Machi 21, 1960, polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu 69 huko Sharpeville, na baada ya hapo nchi ikazidi kubana. Bendi zilizochanganya watu wa rangi mbalimbali zilionekana kuwa ni uasi. Mnamo 1962 wawili hawa walifunga virago wakaenda Zurich, Uswisi, na wakafuatwa na mpiga besi Johnny Gertze na mpiga ngoma Makaya Ntshoko. Huko wakapata kazi ya kupiga katika kilabu kilichoitwa Africana.

Duke Ellington alifika Zurich na bendi yake mnamo Februari 1963. Hapa ndipo panaponifurahisha mimi. Aliyeinuka kwenda kumtafuta hakuwa mpiga piano wala wanaume wenzake wawili waliopiga naye. Alikuwa Bi Benjamin. Alimwendea mzee yule, aliyekuwa na umri wa miaka 63 na sifa iliyojaa dunia, akamsihi aje kuwasikiliza vijana wa Cape Town katika kilabu chao. Ellington akaja. Akawasikiliza wale watatu, kisha akataka binti naye aimbe. Baada ya siku chache wote wanne walikuwa Paris, wageni wa Ellington, katika studio za Barclay.

Wakati huo Ellington alikuwa na mamlaka ambayo wanamuziki wengi Weusi hawakuyapata. Kampuni ya Reprise, iliyoanzishwa na Frank Sinatra mwaka wa 1960, ilikuwa imempa ruhusa ya kuwatafuta na kuwarekodi wasanii aliowaona wanafaa. Februari hiyo aliitumia ruhusa hiyo kwa pupa ya mtu anayejua kwamba mlango uliofunguliwa leo huenda ukafungwa kesho. Alisimamia kurekodiwa kwa mpiga piano Bud Powell. Februari 22 alirekodi santuri ya wapiga fidla watatu, Stephane Grappelli wa Ufaransa, Svend Asmussen wa Denmark na Ray Nance wa bendi yake mwenyewe. Akawarekodi Dollar Brand na wenzake. Na akamrekodi Bea Benjamin.

Ningependa msomaji aione kazi yenyewe ilivyofanywa, maana siku hizi tumezoea muziki unaojengwa kipande kwa kipande, ngoma leo, gitaa wiki ijayo, sauti ikaja mwisho na kunyooshwa kwa kompyuta. Mwaka wa 1963 jazi haikurekodiwa hivyo. Wote walikaa katika chumba kimoja na kupiga kwa wakati mmoja, na utepe wa sumaku ukazunguka. Kipaza sauti cha mwimbaji kilichukua na mlio wa piano iliyokuwa karibu, na kile cha piano kikachukua pumzi za mwimbaji. Kwa hiyo hapakuwa na njia ya kulitoa kosa la mmoja bila kuigusa kazi ya wote. Ikiwa mpiga besi aliteleza, wimbo ulianzwa upya au mtelezo ukaachwa ubaki. Fundi wa mitambo alikuwa na kazi nzito ya kumweka kila mtu mahali pake, huyu asogee mbele, yule arudi nyuma, hata vilivyo vingi vikatoka kama kimoja. Katika studio ya Barclay fundi huyo alikuwa Mjerumani, jina lake Gerhard Lehner. Naomba msomaji alikumbuke jina hilo.

Nyimbo zilikuwa 12, nyingi zikiwa ni zile za mapenzi ambazo kila mwimbaji wa jazi alizijua, na nyingine zikiwa za Ellington mwenyewe na mwenzake wa miaka mingi, Billy Strayhorn. Wapigaji piano walikuwa watatu, wakipokezana. Ellington aliketi kwenye piano katika nyimbo zake mbili, Solitude na I Got It Bad. Strayhorn akachukua mbili, ukiwemo wimbo wake Your Love Has Faded. Zilizosalia zikapigwa na Dollar Brand. Ni kitu cha nadra sana. Mwimbaji wa miaka 26, ambaye nje ya Cape Town na Zurich hakujulikana, anasindikizwa na watu watatu ambao yeyote kati yao angetosha kuwa sababu ya kununua santuri.

Lakini uamuzi ulioipa albamu hii sura yake haukuhusu piano. Ellington alimweka Svend Asmussen ndani ya kundi, naye akapiga fidla bila kutumia upinde. Alizidonoa nyuzi kwa kidole. Sikiliza jambo hilo linavyofanya kazi. Fidla ikipigwa kwa upinde hulia mfululizo, na katika nyimbo za mapenzi huwa mwepesi wa kumwaga machozi na kuigubika sauti ya mwimbaji. Ikidonolewa, kila mlio huja peke yake na kufa upesi, kama matone ya mvua yanayodondoka kutoka pembe ya bati baada ya mvua kwisha. Hivyo sauti ya Bi Benjamin inabaki na uwazi mkubwa, na katika uwazi huo yeye haongezi madoido. Haimbi kwa kupanda na kushuka bila maneno kama walivyozoea waimbaji wengine wa jazi. Hutamka kila neno kikamilifu, polepole, akalishikilia kidogo kuliko tulivyotazamia, akaliachia. Nimezisikiliza nyimbo hizi mara nyingi, na kila mara naona ujasiri wake ulikuwa katika kutojipamba mbele ya wakuu wale. Kijana mwingine angetaka kuwaonyesha yote anayoyaweza.

Basi tepe zikakamilika. Ile ya Dollar Brand ikatolewa na Reprise kwa jina la Duke Ellington Presents the Dollar Brand Trio, ikamfungulia njia kijana huyo katika majukwaa ya Ulaya na Marekani. Ile ya Bea Benjamin haikutoka. Zilirekodiwa mwezi mmoja, katika studio moja, kwa jicho la msimamizi mmoja, kwa ajili ya kampuni moja. Ya bwana ikaenda dukani na ya bibi ikaenda kabatini.

Maelezo yaliyobaki ni kwamba wakubwa wa kampuni waliona haitauzika. Neno hili haitauzika mimi nalitilia shaka kila ninapolisikia, kwa sababu aghalabu hufunika neno jingine ambalo msemaji hataki kulitamka. Nani alijaribu kuiuza akashindwa? Mwaka wa 1963 Marekani ilikuwa imekwisha kumpokea Miriam Makeba, ambaye wasomaji wengi wa ukurasa huu wanamjua kwa kuuimba wimbo wetu wa Malaika. Makeba aliimba kwa Kixhosa na Kizulu, na hadhira za huko zilifurahi kumwona Mwafrika akileta vya Afrika. Bi Benjamin alileta nini? Alileta nyimbo zao wenyewe, kwa Kiingereza kilichonyooka, akaziimba kana kwamba zimetungwa nyumbani kwao Cape Town. Mzungu wa kampuni ya santuri angemweka rafu ipi? Kwa Mwafrika hakuwa Mwafrika wa kutosha, na kwa Mmarekani hakuwa Mmarekani. Hilo ndilo dhana langu, na naamini liko karibu na ukweli kuliko hesabu za soko.

Hata hivyo haki ya mtu asinyimwe, hata kampuni ya santuri. Ile santuri ya wapiga fidla watatu, aliyoirekodi Ellington mwenyewe katika mwezi huo huo, nayo haikutoka. Ilikaa mpaka 1976, mwenyewe akiwa amekwisha kufa tangu Mei 1974. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kabati lile lilijengwa kwa ajili ya mwanamke Mwafrika peke yake. Lilimmeza na mzee aliyewaleta wote studioni. Jambo hili halinipunguzii hasira, bali linaigeuza mwelekeo. Kama mtu wa kimo cha Duke Ellington hakuweza kuitoa kazi yake mwenyewe katika rafu za waajiri wake, basi binti asiye na wakili wala pasipoti ya kumtosheleza angeitoa kwa mbinu gani?

Chanzo cha yote haya ni kanuni moja ya biashara hii ambayo wasanii wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Anayelipia studio ndiye mwenye utepe. Mwimbaji hulipwa ujira wake, na pengine huahidiwa mrabaha baada ya gharama kurudi, lakini kile kitu chenyewe kilichobeba sauti yake ni mali ya mwingine. Msomaji asidhani kwamba hayo ni ya Marekani ya zamani. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inamhesabu kuwa mwandishi wa rekodi ya sauti yule mtu aliyefanya mipango ya kuirekodi. Mwimbaji anazo haki zake kama mtumbuizaji, hilo silikani. Lakini kijana anayetoka studio ya mtaani Nairobi akiwa na wimbo wake ndani ya simu asidhani kuwa kuwa nao ni sawa na kuumiliki. Na aliyeumiliki anaweza kuutoa, na anaweza pia kuukalia.

Wenye biashara hunijibu kwamba mfanyabiashara hawezi kulazimishwa kuuza asichokitaka. Nakubali. Simlazimishi kuuza. Ninachouliza ni kwa nini akishaamua kutouza asimrudishie mwimbaji sauti yake. Fundi cherehani akikataa kushona nguo, hurudisha kitambaa. Kampuni ya santuri peke yake ndiyo inayokataa kushona na kitambaa ikakifungia sandukuni, miaka ikapita, wenye duka wakabadilika, na anayekuja kukiulizia akaambiwa hakuna anayejua kilipowekwa. Reprise yenyewe iliuzwa kwa Warner mwaka ule ule wa 1963.

Bi Benjamin aliamini kwamba tepe zake zimepotea. Aliolewa na mpiga piano wake mwaka wa 1965, na mwaka huo huo Ellington akamwita kuimba na bendi yake katika tamasha la Newport, Marekani. Kwa hiyo yule mzee hakuwa amemsahau. Rafiki yao Johnny Dyani, mpiga besi, akampa jina la Sathima. Wakarudi Afrika, wakaondoka tena, wakapata watoto wawili, na mwaka wa 1977 wakahamia New York. Jina la mumewe lilizidi kukua. Lake likabaki likijulikana na wachache, na kila alipoulizwa alianza lini, alikuwa na hadithi ya Paris asiyokuwa na kitu cha kuithibitisha. Mimi naona hapo ndipo palipo na dhuluma kubwa kuliko ya fedha. Mwanamuziki hujenga jina lake rekodi juu ya rekodi. Ukiiondoa ya kwanza, hata zinazofuata husimama juu ya hewa.

Sasa turudi kwa yule Mjerumani. Mwandishi mmoja wa Marekani, David Hajdu, alikuwa akiandika maisha ya Billy Strayhorn, kitabu kilichotoka mwaka wa 1996 kwa jina la Lush Life. Katika upelelezi wake iligunduliwa kwamba Gerhard Lehner, fundi wa mitambo wa Barclay, alikuwa amejiwekea nakala ya kazi ile, nakala ambayo mwenye sauti hakuwa na habari nayo. Mwaka wa 1997 kampuni ya Enja ya Ujerumani ikaitoa albamu. Mwimbaji alikuwa amefika miaka 60. Ellington na Strayhorn wote wawili walikuwa kaburini.

Kwa mizani ya mikataba, fundi kuweka nakala ya kazi ya kampuni ni jambo linaloweza kuzua kesi. Wapo watakaosema kwamba si haki kumsifu mtu kwa kukaa na kisicho chake, na mtu mwenye studio anayesoma makala haya huenda ameshakunja uso. Mimi namsifu waziwazi. Hakuiuza. Hakujitangazia sifa. Aliutunza utepe, na utunzaji wa utepe si mchezo, kwani sumaku yake hufifia na unyevu huula. Wenye haki ya kuutunza hawakuutunza. Nikiwapima wawili hao, mwenye hati aliyepoteza na asiye na hati aliyehifadhi, sioni kigugumizi kuhusu nani aliyemtendea mwimbaji uaminifu.

Tena yafaa ieleweke kwamba Bi Sathima hakukaa akisubiri bahati. Mwaka wa 1979, huko New York, miaka mingi kabla ya habari za nakala hiyo, alianzisha kampuni yake mwenyewe ya santuri na kuiita Ekapa, neno la Kixhosa lenye maana ya Cape Town. Kazi ya kwanza aliyoitoa ni Sathima Sings Ellington. Msomaji ataona alichokifanya. Aliyaendea tena mambo ya yule mzee wa Paris, safari hii akiwa yeye ndiye mwenye studio, mwenye utepe na mwenye ufunguo. Kwa jina la Ekapa aliendelea kutoa kazi zake mwenyewe, na mwaka wa 2004 serikali ya nchi yake ikamtunukia nishani ya Ikhamanga. Alirudi Cape Town mwaka wa 2011 na kufariki huko Agosti 20, 2013.

Iko na rekodi nyingine, iliyotangulia ile ya Paris. Mwaka wa 1959, kabla ya Sharpeville na kabla ya Zurich, yeye na Dollar Brand na wenzao walirekodi Afrika Kusini santuri iliyokusudiwa kuitwa My Songs for You. Ingalitolewa wakati ule ingalikuwa santuri ndefu ya kwanza ya jazi katika historia ya nchi hiyo. Haikutolewa, na huko hapakuwa na Lehner.